Daftari la Wageni

Saa nane za usiku. Duka la vyuma limefungwa,
mbwa wa jirani amechoka kunibwekea,
na mimi, mlinzi wa mabati na misumari ya watu,
napanga fowadi
kwenye daftari la wageni, maana karatasi nyingine sina.

Kagoya kushoto. Hapo sina shaka.
Ukimpeleka kulia umemvisha kiatu cha mguu mwingine:
atatembea, ila utamwonea huruma.
Katikati Amongin, mrefu, mpole,
anayeomba radhi kila akimpiga mtu kikumbo.
Kulia…
kulia ndipo kalamu inaposita.

Kocha Tibenkana atamweka Nabirye. Namjua.
Anapenda wachezaji wasiomjibu.
Na Nabirye anakimbia, sikatai,
anakimbia mpaka mpira unabaki nyuma unamwita.
Mimi ningemweka Asianzu.

Asianzu na Kagoya hawasemezani tangu Pasaka.
Wapo wanaosema ni deni la viatu,
wapo wanaosema ni mambo ya kwaya;
hapa Walukuba kila mlango una habari yake.
Lakini hao wawili wamelelewa korido moja,
wakichapa mpira wa matambara kwa vijiti vya mpera
huku mama zao wakililia vioo vya madirisha.
Mmoja akiinua bega, mwenzake ameshafika.
Hilo halihitaji salamu.
Siku ile ya mvua nilihesabu kwa vidole:
pasi saba, hakuna aliyemtazama mwenzake usoni,
na ya saba ikagonga ubao wa nyuma, ko!
Hata kipa wao alitingisha kichwa.

Nafuta. Naandika upya.
Kyomuhangi asimame nyuma ya Kagoya,
kwa sababu Kagoya akipanda hakumbuki njia ya kurudi.
Kona fupi asipige Lamunu, jamani, tulishaona.
Ampishe mdogo wake, yule wa kidato cha tatu,
mwenye viganja vya mfyatua matofali.
Golini Candiru.
Kipa hapangwi, kipa anashukuriwa.

Upepo unaleta harufu ya molasi.
Pikipiki inapita bila taa, naiandika: saa tisa na robo.

Wale wa Kampala wana benchi refu.
Wanabadilisha watu kama mashati,
robo ya nne wanaingia wabichi, wananukia sabuni.
Sisi akiba yetu ni wawili,
na mmoja ana mtoto anayenyonya.
Kwa hiyo Asianzu asianze.
Akae robo nzima, avae sweta, aone wivu,
aone Nabirye akiupoteza mpira mara tatu, nne,
ndipo aingie.
Hasira yake ni mali ya timu; asiende kuimwaga kwa mwamuzi.

Loo. Kumbe nimekubaliana na Tibenkana
kwa dakika kumi na tano.
Asijue.

Na nani ataniuliza? Basi lao linaondoka saa kumi na mbili,
zamu yangu inaisha saa moja.
Nitawafuata kwa nauli niliyoibania kwenye chai,
nikae Lugogo upande wa jua, roleksi mkononi,
niwapigie kelele mambo ambayo usiku huu
nimeshayamaliza kwa utulivu.

Kunapambazuka. Msimamizi Isabirye anafika,
anafungua daftari kabla hajafungua mdomo, kisha:
“Watu kumi na wawili! Saa nane za usiku!
Na hakuna hata mmoja aliyetia sahihi ya kutoka?”

Naangalia. Kweli.
Wote wako kwenye safu ya walioingia,
wengine wamekatwa, wakarudishwa, wakakatwa tena.
Na pale panapoulizwa “Amekuja kumwona nani,”
mbele ya Asianzu, kwa mwandiko wangu mwenyewe,
sijui niliandika saa ngapi:
Kagoya.

Mbele ya Kagoya nimeacha wazi.