Ngazi ya Vidato Kumi

Fikiria ngazi, nasema, kama karatasi inavyonielekeza,
ngazi ya vidato kumi. Juu kabisa ni maisha bora uwezayo kuyapata,
chini kabisa ni mabaya kuliko yote.
Bwana Ognyan, leo umesimama kidato cha ngapi?

Simu inakohoa. Kyustendil ni mbali na Sofia,
na humu ofisini feni ni moja, watu kumi na wanane.

"Ngazi gani? Hii yangu?"
Anayo moja, anaiona dirishani, imeegemea mcheri.
Kidato cha tatu kilivunjika mwaka kiwanda cha viatu kilipofungwa.
Hajakitengeneza. Mguu umeshazoea kuruka pengo.

"Mwaka huu micheri imezaa mpaka matawi yanapiga magoti.
Mnunuzi alikuja na lori, akataja bei
isiyofika hata ujira wa mchumaji.
Nikamwambia asante. Akaondoka na vumbi lake.
Sasa wanakula ndege, nao hawaulizi kilo ni ngapi.
Andika ndege: kumi."

Nacheka. Msimamizi anagonga kioo kwa kidole.
Tarakimu moja tu, Bwana Ognyan, tafadhali.

"Mke wangu Rumyana yuko Bergamo,
anamwogesha mzee wa watu, anamkata kucha,
anamsomea gazeti kwa lugha aliyojifunzia jikoni.
Kila tarehe tano hela inaingia. Paa halivuji tena.
Nimenunua friji inayotengeneza barafu yenyewe.
Usiku inanguruma, kisha inadondosha vipande vyake,
ko, ko, ko,
nami nakurupuka nikidhani kaja.
Friji hiyo unaiweka wapi, binti?
Juu ya kidato au chini yake?"

Pesa si kila kitu, husema watu. Wasemao hivyo nimewahi kuwapigia.
Nyuma ya sauti zao kuna ukimya wa zulia nene.
Husita. Husema saba. Husema nane,
halafu huuliza kama nane inatosha,
wenzao wamesema ngapi.

Na mama mmoja wa Vidin, kuni zimemwishia katikati ya Februari,
alisema tisa bila kupepesa,
kwa sababu asubuhi ile mjukuu wake alikuwa ameota jino.
Niliandika tisa. Kisanduku ni kidogo,
kinaingia tarakimu, hakiingii jino.

Lakini nisijidanganye kwa jino la mtoto.
Wanaotaja moja, wanaotaja mbili,
nawajua kabla hawajataja: hupokea upesi,
mlio wa kwanza haujaisha,
wakidhani ni benki.
Wakijua si benki hushusha pumzi,
na kwa pumzi ile
ningeweza kuipima nchi nzima bila ngazi.

"Na wewe?" anauliza. "Uko cha ngapi?"

Hairuhusiwi. Naangalia saa.
Nalipwa kwa hojaji iliyokamilika, ya nusu hailipwi,
na kodi ya chumba ni Ijumaa.
Naogopa asije akakata,
na hofu yangu, naiona waziwazi, ni ya simu, si yake.

"Sijui," nasema. "Kile kilichovunjika, labda."

Sasa ni yeye anayecheka, cheko refu lenye moshi wa sigara.
"Basi andika tano. Nikisimama cha pili
mikono yangu hufika cha tano. Hapo ndipo ninaposhikilia."

Karatasi haikuuliza anashikilia wapi.
Iliuliza amesimama wapi. Ningepaswa kumrudisha,
kumsomea swali upya, polepole, kama sheria inavyotaka.
Mtu hujikuna ajipatapo.
Naandika tano.

Nabakiwa na maswali mawili, umri na elimu.
Nafungua kinywa niulize, na huko kwake, jikoni,
ko, ko, ko,
naye ananyamaza
kama mtu anayesikiliza mlango.