Manyunyu ya Julai

Tulingoja dhoruba.
Wiki tatu, mimi na Mutinda, juu ya daraja la waendao kwa miguu
kutoka Mukuru hadi Eneo la Viwanda,
na kipima-mtetemo, na chupa ya chai, na dharau.
Alhamisi ikaja: mabati yakaruka, bango la kanisa likang'oka.
Kebo kumi na mbili hazikusema neno.

Kerubo, akaangaye mihogo chini ya mnara, akatuambia:
"Mnasaka simba, nyumba inaliwa na mchwa.
Njooni siku ya manyunyu, upepo wa kukausha nguo tu.
Tazameni ya saba."

Tukaja. Saa kumi na moja na nusu alfajiri,
Julai ile ya Nairobi isiyonyesha wala isiyoanuka.
Maji yakajichora mstari kwenye mgongo wa kebo,
kijito chembamba kama uzi wa cherehani,
na kwa uzi huo kebo ikapoteza uduara wake,
ikapata ubavu,
upepo ukapata pa kushika.
Shibiri moja. Mbili. Dhiraa.
Chini yake zamu ya asubuhi ikipita na mikebe ya chakula,
na nani atazame juu saa hizo?

Tatizo la chuma ni kwamba hakisahau upesi.
Huenda, hurudi, huenda,
kila safari pungufu kidogo, kidogo mno.
Tulihesabu: safari mia mbili na kumi
ndipo mtikiso ubaki nusu.
Mutinda, aliyemzika mdogo wake Machi,
aliiandika tarakimu ile polepole, akaipigia mstari.

Agosti tukafunga shokomzoba karibu na nanga za kebo:
mtungi, mafuta mazito, pistoni inayopita humo kwa taabu.
Mtikiso hauuawi. Unahamishwa,
unageuka joto.
Kerubo akaweka kiganja juu ya mtungi.
"Mbona baridi?"
Nikamwonyesha kipimajoto: nusu digrii, kasoro.
"Kazi yote hii," akacheka, "na haipashi hata chai!"

Jumanne manyunyu yakarudi.
Ya saba ikainuka shibiri,
ikaghairi.
Safari tisa.
Mutinda alihesabu upya, kwa sauti, kana kwamba nilimbishia.
Kisha akanunua mihogo ya shilingi hamsini, pilipili nyingi,
tukala tumesimama katikati ya njia ya watu,
tukitazama juu,
wakitusukuma kwa mabega.