Ongeza Tope

Kibanda cha kurekodia, ghorofa ya sita, Tokyo.
Kwenye kioo yuko mkulima wa Teksasi,
kofia pana, anamtafuta ng'ombe wake.
Kwenye karatasi zangu hana jina: Mshamba wa Kwanza.
Bwana Hirasawa anabonyeza kitufe:
"Hapo, Kasai, ongeza tope."

Najua anachotaka.
Anamtaka bibi yangu.

Miaka kumi na minne nimemkodisha bibi
kwa saa, pamoja na chai ya bure.
Nimempa mpagazi wa Urusi,
mjane wa Peru na mbuzi wake watatu,
mlevi wa Ufaransa anayeanguka zizini,
na safari moja hata punda.
Wafalme huzungumza Kijapani cha taarifa ya habari.
Aliyeshika jembe, jua lake lichomoze popote,
kinywani mwake ni Tsugaru, kwetu,
ambako theluji hufika dirisha la juu
na watu hubana midomo baridi isiingie.

Kwetu wawili wakipishana njiani
mmoja husema "Dosa?" mwenzake "Yusa."
Unakwenda wapi, nakwenda kuoga. Basi,
kila mtu ameshashika njia yake.
Mjini huuita huo uvivu wa ulimi.
Mimi huuita akiba. Pumzi nayo ni kuni.

Usiku filamu moja ilipoonyeshwa nilimpigia simu.
"Umenisikia, bibi?"
"Nimemsikia mtu," akasema. "Maskini,
yule ametoka nchi gani?
Anasema kama anayembembeleza paka wa jirani."

Kisha Machi, hospitali ya mkoa.
Daktari kijana, mgeni kutoka kusini.
Bibi Kise akashika tumbo: "Niyaniya,"
neno letu la maumivu ya chini chini,
yanayotafuna bila kupiga kelele.
Mjini neno hilohilo
ni kuchekea ndani, kwa kejeli.
Daktari akamtazama, akanitazama mimi,
akajaribu kujizuia, akashindwa.

Si mtu mbaya. Alilelewa na televisheni.
Alilelewa na mimi.

Nikasimama kati yao, nikatafsiri,
kwa sauti safi ya habari za saa moja:
anaumwa, daktari, tangu mavuno.
Bibi akanigeukia polepole
kana kwamba sasa ndiye mimi
niliyetoka nchi nyingine.

Leo nimerudi kibandani. Viatu vya mazishi
bado vimo mfukoni, sijapata pa kuviweka.
Ng'ombe wa Teksasi hajaonekana.
Taa nyekundu inawaka, nami namwita
kama bibi alivyowaita wake alfajiri,
midomo imebanwa, bila tope,
silabi mbili, ya pili karibu haisikiki.

Kimya. Fundi mitambo ameinua kichwa.

"Nzuri," anasema Hirasawa, kwa upole kabisa.
"Sasa rudia,
ili tucheke."