Siku ya Tisa Bila Mlima

Masika yameumeza mlima, leo siku ya tisa.
Majengo, kwenye gereji isiyo na gari,
Aikande anayeyusha nta katika sufuria ya maharage,
anatugawia vitambaa:
"Uchoreni. Kwa kumbukumbu."

Bati linanguruma, hatusikiani.
Ndelilio kauchora mnene, kama bibi yake akiketi.
Fundi viatu, aliyeingia kujikinga tu,
kashusha theluji mpaka migombani.
"Enzi zetu," anasema, na kuomba brashi nyingine.
Mimi nimesahau Mawenzi iko upande gani,
nami ni mzaliwa wa hapa.

Vitambaa havikauki.
Tumevitundika juu ya jiko la kahawa,
vinadondosha buluu sakafuni.

Saa kumi na moja mtoto akapiga kelele barazani:
"Umetoka! Umetoka!"
Hakuna aliyeinuka.
Nta ilikuwa ya moto bado.