Kioo cha Akiba

Redio ya Zulfiya, juu ya jokofu, inasema
jiwe litapita usiku huu, saa nane kasoro,
pana kuliko uwanja wa mpira,
na kwamba tusihofu:
litakuwa mbali kuupita mwezi mara mbili na robo.
Mimi ninakata kioo.

Hapa Korkino neno "tusihofu" halituingii kirahisi.
Asubuhi ile ya Februari mbingu iliwaka,
vivuli vikazunguka ukutani kama mishale ya saa iliyoingiwa wazimu,
watu wakakimbilia madirishani kutazama.
Mwanga kwanza.
Halafu kimya, kirefu,
cha kutosha kumwita jirani aje aone.
Halafu kishindo, na dirisha likawarukia usoni.

Kufa kufaana. Siku tisa sikuvua viatu.
Nilipima, nikakata, nikapachika,
shule, wodi ya wazazi, kiwanda cha maziwa,
puti ikigandia vidoleni kwa ile baridi.
Kwa fedha zile nilimnunulia Naila cherehani.
Bado inafanya kazi. Ikianza kuvuma
natoka nje, nisije nikamwona Tamara
akipita barazani na jicho lake moja.

Sentimita sitini na mbili kwa mia na nane:
dirisha la jiko lake. Vipimo vya wengine nimevisahau.
Ndicho kioo ninachokata usiku huu,
si kwamba siiamini redio.

Saa nane natoka. Theluji inalia chini ya buti.
Tamara yuko uani tayari, kajifunika koti la marehemu mumewe,
sigara mkononi.
"Liko wapi?"
"Hata wao hawalioni bila mitambo."
Tunatazama juu vivyo hivyo,
watu wawili na macho matatu,
hadi shingo zinauma.
Hakuna kilichowaka. Hakuna kilichovuma.
Mbwa wa Gizatullin hakuamka.

Lililopita si ndwele, nataka kumwambia,
ila hili ndilo pekee lililopita kweli.
Lile la kwanza
bado naliona likitua kila anapogeuza kichwa kizima
kutafuta kibiriti kilicho upande wake wa kushoto.

Nyuma yetu ghorofa nne za madirisha,
yote mazima, mengi kazi ya mikono yangu,
hayana habari.

"Na hicho kioo ghalani," anasema, "ulikuwa unamkatia nani?"
Nanyamaza.
Anazima sigara kwenye theluji.
"Basi nipe mimi. Aprili nitafunikia miche ya nyanya."