Ukurasa wa Tatu

Miezi miwili kibao kinaning'inia Makole,
juu ya steshenari ya Mwaluko:
USHAURI NASAHA, PANDA NGAZI.
Waliopanda: mmoja akitaka picha ya pasipoti,
mwingine akitaka kupimwa presha,
na upepo, ambao Dodoma haubishi hodi,
ukiniachia vumbi jekundu kwenye kiti cha mgeni.
Nililifuta kila asubuhi. Kiti kiking'aa bure.

Mama Chiloleti wa duka la pembejeo akanipa lake:
kizuri chajiuza, mwanangu, kibaya chajitembeza.
Nikanyamaza. Usiku ndipo nikamjibu, peke yangu:
hata zabibu za Hombolo, tamu zilivyo,
husimama barabarani ndani ya beseni
na mtu akalipungia basi mkono.

Basi nikaandika. Kijitabu cha bure,
karatasi moja imekunjwa, kurasa nne.
Jina: Dalili na Visababishi vya Sonona.
Hamsini zahanati, hamsini saluni,
ishirini mashine ya kusaga, Chang'ombe.
Jioni nikazikuta zimepangwa
vile vile nilivyozipanga.
Hakuna aliyetaka kuonekana ameishika.

Mwaluko, mkono ndani ya tumbo la mashine yake,
wino hadi kiwikoni, akasema bila kunitazama:
Dada Nyemo, karatasi hii inamwita mtu mgonjwa
mbele za watu. Nani ataitika?
Mwulize kitu anachokijua mwenyewe.
Kama nini?
Kama, kwa nini mtu anaamka saa tisa usiku
anaanza kuhesabu mabati.
Akafunga mfuniko. Mwanga wa kijani ukapita chini yake.
Sikumuuliza nyumba yake ina mabati mangapi.

Kwa Nini Unaamka Saa Tisa Usiku?
Nikayatoa maneno niliyoyalipia ada chuoni,
moja moja, kama achambuaye mchele.
Nikabakiza: kifua kubana.
Ugomvi wa chumvi kuzidi.
Kumpigia mama simu, kukata kabla hajapokea.

Lililonikesha ni hili:
nimwage yote, au nibakize kidogo
ili mtu apande ngazi?
Muuza karanga huonjesha, hagawi gunia.
Lakini yupo atakayesoma akiwa Mpwapwa
na nauli hana,
yupo wa hapa hapa Kizota, naye hana.
Nikamwaga yote.
Namba ya simu nikaiweka mwisho kabisa, ndogo,
kama mtu anayekohoa mlangoni.
Nakala mia tatu. Deni kwa Mwaluko, elfu thelathini.

Wiki ya pili nikaziona Sabasaba
zimepasuliwa katikati kwa wembe,
zimesokotwa pembe,
zimejaa karanga.
Nilinunua ya mia mbili.
Nikala nimesimama juani,
nikisoma sentensi zangu zinazong'aa mafuta.

Alhamisi, saa kumi, viatu kwenye ngazi.
Mwanamume, kitambulisho cha wizara shingoni,
vumbi la Mtumba juu ya rangi ya kiwi ya asubuhi.
(Mke na watoto wako Tabata. Hilo alilisema baadaye,
mwezi mzima baadaye.)
Jalada lilimpa mtaa, mengine aliuliza njiani.
Akakunjua nusu karatasi yenye madoa,
akaweka kidole mstari wa mwisho, ukurasa wa pili:
Jambo la kwanza la kufanya ukishaamka ni
Hapo ndipo wembe ulipopita.

Ni nini? akasema.
Siku nne namfuata muuza karanga yule.
Nimekula za elfu mbili, dada,
kila pembe ni ukurasa ule ule.

Nikacheka, naye akacheka, kisha hakucheka.
Ukurasa wa tatu ni bure, nikamwambia, nikampa.
Aliusoma wima, midomo ikicheza.
Akaurudia.
Akakitazama kiti,
akakipangusa vumbi nililokwisha kulifuta.

Na hiki, akauliza, ni shilingi ngapi?