Leo Tano Ni Ngapi

Kanuni ya kumi na saba:
roboti isimbane mwenzake ukutani
zaidi ya sekunde tano.
Tano. Haina mkia wala pembe.

Lakini Ijumaa, katika ukumbi wa shule huku Bemidji,
theluji imepanda hadi madirishani,
Orrin wa uwanja wa pili alihesabu kwa mdomo,
na mdomo wa Orrin una huruma:
tatu yake ndefu, nne yake inapiga miayo,
saa inasema saba, yeye bado yuko "nne na nusu".
Mimi, uwanja wa kwanza, nilihesabu kwa saa.
Bendera yangu ilipanda mara sita.
Yake ilishinda mfukoni kama leso ya harusi.

Jumamosi asubuhi akaja Delphine Beaulieu,
miwani ya usalama juu ya nywele,
grisi kwenye kidole gumba, daftari kwapani.
Hakulia.
"Jana kwako tulilipa faini kwa sekunde sita.
Kule kwa pili walikaa saba, wakapigiwa makofi.
Siombi pointi zirudi.
Nauliza tu, leo tano ni ngapi?"

Mimi ni fundi bomba, mwaka wa ishirini na nane sasa.
Bomba halijui shemeji; ukilipunja linavuja.
Nilitaka kumjibu kwamba refa naye ni binadamu,
nikaliona neno hilo limechakaa viwiko,
limeshavaliwa na kila mwenye haya.

Nikamvuta Orrin nyuma ya mashine ya soda.
"Watoto wamejenga wiki sita, Marlys.
Niwavunje kwa sekunde moja?"
"Na waliobanwa? Walijenga wiki ngapi?"
Akatazama buti zake zikitoa maji.
Kisha, taratibu:
"Na wewe, mechi ya tisa, ulikuwa unatazama wapi?"

Nilikuwa napiga chafya.
Hakuna aliyejua. Nilidhani.

Tangu mchana tulihesabu kwa mkono hewani,
kidole baada ya kidole, wote waone,
yeye kwake, mimi kwangu, saa zetu zimelinganishwa.
Nusu fainali, roboti ya Delphine ikambana mtu pembeni.
Moja. Mbili. Baba mmoja akapiga kelele jukwaani. Tatu.
Nne.
Tano.
Vidole vikaniishia, bado imembana.
Nikainua bendera.

Hakunitazama usoni.
Alitazama mkono,
akafungua daftari,
akaandika: sita.